Mashine ya Kirimi Kwa Matuta Yako

Baba Kirimi,

Ni mimi. Unajua ni mimi, nani mwingine atakusumbua asubuhi hivi. Mimi nasema na Nkatha anaandika. Nimemwambia aandike vile inatoka mdomoni, asinitengenezee maneno, na asiruke mahali nitamsema bwana yake. Ameitikia na kichwa. Huyu bibi ya Kirimi ni mtu mzuri. Wewe ulisema hivyo ile siku ya kwanza alikuja hapa kwetu, akavua viatu vya town akauliza jembe iko wapi. Mimi nikasema ngoja tuone. Sasa nimeona. Ulisema kweli, lakini usijisifu huko.

Tumekaa nje ya jikoni, mimi kwa kiti yako. Hapana, hatukuitupa, na yule kaka yako aliyekuja akiiangalia sana alirudi kwake bila kiti. Hapa mtu akikaa anasikia kila kitu kwa shamba mpaka chini kwa mto, na hiyo ndio maana nimekaa. Kirimi ameshuka kwa matuta na mashine ya kulima. Amepita nayo hapa mbele yangu akiisukuma, injini imezimwa. Akasema, "Mami, umeamkaje." Nikasema nimeamka. Akapita. Hakusimama. Na wewe unajua alitakiwa asimame.

Wacha nikuelezee kutoka mwanzo, kwa sababu ukianzia mwisho utakasirikia mtu hana makosa.

Tangu tukuzike, mambo ni mengi. Yule ng'ombe wako mkorofi alizaa, tena jike, na amekuwa mpole, ni kama alikuwa anagomba na wewe tu. Makadamia imezaa mpaka matawi inagusa chini. Mtu wa hema ya matanga bado anasema kamba yake moja ilipotelea hapa. Mimi sina kamba yake. Na Kirimi alirudi nyumbani. Kazi ya town iliisha, akaja na godoro na mkoba na bibi yake, akaingia kwa ile nyumba ya mbao. Hakuniambia ameachishwa, alisema amekuja kuniangalia. Mimi nikajifanya nimeamini. Akachukua jembe yako ile ya mpini mrefu, akaanza kulima kutoka juu. Baba Kirimi, ungemwona ungefurahi na ungemhurumia. Alikuwa analima saa moja halafu anasimama ameshika kiuno, anaangalia kwa barabara aone kama kuna mtu amemwona ameshika kiuno.

Ndio akaanza maneno ya tinga, yaani trekta. Tinga ndogo, ya nyumbani. Asubuhi tinga, jioni tinga. Akasema jembe itamuua, na vibarua siku hizi wakija wanakula kuliko kulima, na hiyo ni kweli, Nkatha hapa anacheka kwa sababu ndiye anawapikia. Na wewe uliniambia ile miti ya mikima ya mpaka ikikomaa ni yangu, niuze, na neno liwe langu. Basi nikauza. Mti ya mwisho ikianguka nililia kidogo, si kwa sababu ya mti. Nikamwambia Kirimi, sawa, tutanunua, lakini mimi ndio nitasema gani.

Hapo ndio shida ilianzia. Ati mimi nitasema gani. Mimi ambaye hata simu nabonyezewa.

Alinionyesha kwa hiyo simu mzungu amekalia tinga ndogo nyekundu, analima akipiga mluzi. Shamba yao ni kama meza. Nikamwambia, huyo mzungu akiweka kikombe ya chai kwa udongo itakaa mpaka anywe. Weka yako hapo chini kwa shamba ya baba yako, utaitafutia kwa mto. Akanuna. Unajua vile ananuna, anavuta shingo ndani kama kobe, kama wewe tu.

Tukaenda Meru town kwa duka ya mashine. Mimi nikavaa ile leso mpya, sikutaka kudharauliwa. Kijana wa kuuza alikuwa na viatu imechongoka mbele na mdomo laini. "Karibu shosho, leo umekuja kuendesha?" Nikamwambia, mimi naendesha watu, mashine hapana. Wakacheka. Basi akatuzungusha. Kulikuwa na aina mbili. Kuna ile ya kukalia, nyekundu kama ya mzungu, magurudumu nne, kiti, usukani, taa kabisa, na nyuma imewekwa chuma imeinama kama mlango bila mlango, ya kumlinda dereva ikipinduka. Na kwa kona kuna ile ingine, magurudumu mbili tu na injini, na mikono miwili mirefu, unatembea nyuma yake umeishika kama toroli. Inachimba na visu inazunguka chini.

Kirimi hata hakuangalia kwa kona. Alipanda ile ya kukalia akashika usukani, akanyoosha mgongo, na mimi nikamwona vile ulikuwa siku tulienda kupigwa picha ya kitambulisho. Nikauliza kijana, "Hii inalima mteremko?" Akasema, "Shosho, hii inapanda hata ukuta." Nikamuuliza, "Na kushuka?" Akacheka akaita mtu alete soda.

Lakini si kwamba nilikataa hapo hapo, usifikiri hivyo. Niliuliza vile wewe ungeuliza. Spea inatoka wapi. Inakunywa dizeli ama petroli. Ikikwama nani ataivuta, na uzito yake ni ya watu wangapi. Akaeleza vizuri, siwezi kusema vibaya. Akaonyesha Kirimi vile magurudumu inaweza kuvutwa ndani, tinga iwe nyembamba, ipite katikati ya laini ya kahawa. Na ile chuma ya nyuma inalala, ukiwa na miti ya matawi chini. Kirimi akaniangalia kama mtoto amejibiwa sala. "Umeona, Mami? Kahawa itapita. Makadamia itapita." Nikamuuliza, na ile ya kona? Akasema kwa sauti ya chini, kijana asisikie, "Mami, hiyo ni mbuzi. Unataka watu wanione nikitembea nyuma ya mbuzi?"

Sasa hapo sikumgombeza. Kwa sababu nilimwelewa. Amerudi kutoka town na godoro, kila mtu aliona godoro. Anataka kitu ya kukalia juu, apite kwa barabara watu wamsalimie wakiinua kichwa. Wewe hukuwa na hiyo shida, wewe hukuenda mahali, kwa hivyo hukurudi.

Nikamwambia twende kwanza kwa shemeji yake Embu. Kagendo wetu aliniambia bwana yake Njiru amenunua ile ya kutembea nayo, na huko kwao pia ni mteremko, chai na kahawa mpaka chini. Tukaenda. Njiru hana maneno mengi, lakini mashine yake alitutoa nayo nje mwenyewe, akaiwasha na kamba mara moja, ikanguruma. Akalima tuta moja kwenda na kurudi, akageuka mahali mimi singegeuza hata ng'ombe. Akaniambia ukweli pia: "Mama, hii inatetemesha. Ukimaliza kulima, ukikaa kula, kijiko inacheza ngoma." Nikapenda hiyo. Mtu akikuambia ubaya wa kitu yake, unaweza kumwamini kwa uzuri. Kagendo akamwambia kaka yake, "Wewe Kirimi, ile shamba ya baba hata kuku akishuka anashika breki." Tukacheka wote. Kirimi hakucheka. Akasema udongo ya Embu ni ingine. Udongo ya Embu!

Basi njiani kurudi tukavutana. Mpaka tukaelewana hivi: yule kijana alete ile ya kukalia hapa nyumbani, ijaribiwe kwa matuta yako. Shamba ikiikubali, tununue. Ikikataa, irudi. Nilifikiri nimekuwa mjanja.

Ikaletwa na lori. Weee. Watu walikuja kama ni harusi. Wengine hata sikuwaona kwa matanga yako, lakini tinga walisikia. Kijana na Kirimi wakaanza kuitayarisha. Kwa sababu ya kahawa, wakavuta magurudumu ndani. Kwa sababu ya matawi ya makadamia, wakalaza ile chuma ya nyuma, wakaifunga. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kwa mgomba. Mimi sijui mashine. Lakini niliangalia hiyo tinga, ikawa ni kama mtu amesimama kwa ukingo na miguu pamoja. Ilikuwa pana, sasa ni nyembamba. Ilikuwa na kitu nyuma ya kumfunika mtoto wangu, sasa hana. Na ile yote walifanya ni ili ipite. Hakuna mtu aliuliza ikishapita itasimama na nini.

Halafu Kirimi akaja na kikombe ya maji.

Ulijua atakuja. Ulimfundisha wewe. Jembe mpya, ng'ombe mpya, baiskeli, hata ile kazi ya town, alikuja kwanza kwetu akainamisha kichwa, na wewe ukaweka maji mdomoni ukamnyunyizia kifuani na kwa mikono, ukasema maneno. Watu wa kanisa walikuuliza, wewe ukawaambia, mimi namuombea mtoto wangu na mdomo na maji, nyinyi ombeni na vitabu, Mungu atachagua. Sasa wewe hauko, ni mimi. Akavua kofia mbele ya watu wote. Nikaweka maji mdomoni.

Baba Kirimi, mdomo ulikataa kufunguka.

Nilimwangalia yeye, nikaangalia matuta, nikaangalia magurudumu imebanana. Nilikuwa nataka kusema ngojeni, lakini mdomo umejaa maji, na watu wameangalia. Nikafikiri, nikitema hii maji nimesema ndio, panda, nenda. Nikameza. Nikameza yote. Hata sauti ya kumeza nafikiri walisikia.

Wazee walishika vinywa. Mama mmoja akasema "uui." Yule kijana wa viatu si mtu wa hapa, akasema, "Shosho alikuwa na kiu." Hakuna mtu alicheka. Kirimi alivaa kofia yake pole pole. Akageuka akapanda.

Tuta ya kwanza, ile pana ya juu, ililima vizuri, siwezi kudanganya. Udongo ikafunguka nyeusi, watu wakapiga makofi, mpaka mimi nikafikiri, aki wewe mwanamke, umemwaibisha mtoto bure. Akashuka ya pili. Unajua pale mwisho, kwa ule mti wa muringa uliopandia ikwa zako, vile viazi vikuu, zipande nao. Pale tuta inapungua. Akataka kugeuka. Gurudumu ya chini ikaingia kwa ukingo, mahali pa majani ya napia, udongo hapo ni laini siku zote, na gurudumu ya juu ikaondoka kwa udongo. Nilikuwa huku juu, nikaona tumbo ya tinga. Mtu hatakiwi kuona tumbo ya tinga na mtoto wake juu. Kijana alikuwa anapiga kelele "Zima! Zima!" na mimi sikuwa na sauti, miguu ndio ilikimbia, hii miguu mbaya, nikaanguka kwa kahawa.

Ni muringa wako iliishika. Tinga ililala kwa mti, ikakaa hapo imeinama, magurudumu ya juu inazunguka hewani. Kirimi akashuka na upande wa juu akikalia matako, akaja mpaka kwa ukingo akakaa. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Ikwa zako tatu ama nne zimekatika, mashina yake ya kutambaa yamevutwa yote. Kama angegeukia mahali hakuna mti, na ile chuma imelazwa nyuma, leo ningekuwa nawaandikia watu wawili.

Nkatha ameweka kalamu chini. Ngoja.

Sawa. Amesema niendelee.

Ikavutwa na kamba, watu wote wakavuta, hata wale hawakuja matanga. Na kabla ifike juu maneno ilikuwa imefika barabarani. Mama Kirimi amelaani mtoto. Amemeza baraka, tinga ikapinduka. Huko kanisani walinitumia wamama wawili na mkate, wakakaa, wakazunguka zunguka na mambo ya mvua, halafu mmoja akasema, "Mama, kama kuna kitu uko nayo na kijana, iwachilie." Nikawapa chai. Ningewaambia nini? Mimi sikumlaani. Lakini nikibaki peke yangu nakuuliza wewe: ni gurudumu zilivutwa ndani ndio zilimwangusha, ama ni mimi? Alipanda akiwa na hasira. Mtu wa hasira anageuka haraka. Je, kama ningemnyunyizia, angegeuka pole? Wewe ulikuwa na jibu fupi ya kila kitu. Hii sijaisikia bado.

Ungedhani hapo imeisha, tinga irudi. Wapi. Kirimi akajifungia kwa nyumba yake. Kijana wa duka anapiga simu, mnachukua ama mnarudisha, Kirimi anasema kesho. Kumbe kichwani anapiga hesabu ingine. Akaja hapa jikoni akasimama mlangoni. Akasema tinga haina makosa, ni matuta. Ati nyembamba. Ati atatafuta ile mashine kubwa ya kuchimba barabara, aondoe matuta, mbili ifanywe moja, pana, halafu arudishe magurudumu nje, ainue chuma, na tinga itapita.

Kuondoa matuta yako.

Nilikuwa nachambua mboga, nikaendelea kuchambua. Kwa sababu nikisimama ningepiga mtu. Nilikumbuka tukiyachimba, tumeoana juzi, wewe na ile chupa ya maji nusu umeilaza kwa ubao, unainama jicho moja limefungwa, unaniambia, "inua kidogo, inua, shusha, wacha hapo!" Na mimi nimeshika kamba upande ule mwingine, nina mimba ya Kagendo, nimechoka, nakuambia kama unataka maji ikae sawa nenda uoe ziwa. Ukacheka mpaka chupa ikaanguka na tukaanza upya. Yule jirani ng'ambo ya mto alipoondoa yake ili alime na trekta ya kukodisha, mvua ya kwanza ilipeleka udongo yake yote kwa mto. Siku hizi analima mawe. Kirimi anajua. Aliona. Lakini alikuwa amebanwa, unaelewa? Kurudisha tinga ni kusema ameshindwa, watu wote waliona akishindwa. Na kukaa nayo ni lazima aipande tena. Alikuwa anaogopa kuipanda, mimi nilimwona. Mara moja alienda mpaka kwa hiyo tinga, akaweka mguu kwa ngazi, akautoa.

Ndio nikaweka mboga chini. Nikamwambia, "Kirimi, mwambie huyo kijana ni mimi nimekataa."

Akaniangalia.

Nikasema, "Sema mama amezeeka, ana wazimu, pesa ni ya miti yake, na hataki. Mwanamke mzee anakubaliwa kukataa. Wewe ulitaka, mimi nikakataa. Kwisha."

Akasema, "Mami, kwani hujui watu wanasema umenilaani? Unataka niwaongezee?"

Nikamwambia, "Ongeza."

Alitoka nje. Mimi sikujua kama amekubali ama ameenda kutafuta mashine ya kuchimba. Nilikaa na hiyo mpaka lori ikaja. Nikasikia ikipanda, sikujua imebeba nini ama imekuja kuchukua nini. Nikavaa leso yangu nikaenda mpaka kwa geti, na kulikuwa na watu, unajua hawakosi. Kirimi amesimama hapo na kijana wa viatu, na mdomo ya Kirimi inafunguka na kufungwa, hajui aseme nini. Basi mimi nikasema, tena kwa nguvu wote wasikie: "Mimi ndio nimekataa hii tinga! Kijana yangu aliitaka, mimi sitaki! Nipe ile ya kona!"

Wakacheka. Kijana akasema, "Shosho, umetushinda." Mwingine hapo kwa barabara, yule mtoto wa fundi wa baiskeli, akasema, "Mama Kirimi anaogopa gari ya watoto." Nikamwambia, ndio naogopa, naogopa mpaka nguo inanitoka, kuna ingine unataka kujua? Wakacheka zaidi. Nikawaacha wacheke. Lakini walikuwa wananicheka mimi. Kirimi hawakumcheka. Mmoja hata alimpiga begani akamwambia, "Pole, mama ni mama."

Ile ya kukalia ikapanda lori, lori ikarudi na ile mbuzi. Nilifikiri sasa mtoto atanisemesha.

Hajanisemesha. Ananisalimia, ananiletea kuni, ananiuliza kama nimekunywa dawa ya presha. Lakini kuongea, hapana. Mashine aliiweka kwa store, kila jioni anaingia huko na taa, anaweka oili, anafunga visu na spana, anafungua, anafunga tena. Nkatha ananiambia anasoma kile kitabu ya mashine kuliko Biblia. Nkatha, hiyo si wewe ulisema? Andika. Na alienda mwenyewe Embu kwa Njiru, akashinda huko akifundishwa kuigeuza, akarudi mikono inatetemeka. Mimi nilijua kwa sababu Kagendo alipiga simu. Yeye hakuniambia.

Na leo asubuhi ameitoa. Mpya, haijagusa udongo. Ameisukuma hapa mbele yangu, na hakuvua kofia, na hakuleta kikombe.

Unaona vile tumefungana. Yeye hawezi kuniomba, kwa sababu aliniomba mbele ya watu nikameza. Atajuaje sitameza tena? Na mimi siwezi kumkimbilia na baraka, hiyo kitu huombwa. Hatupelekei mtu kama tunamuuzia mayai. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema hivyo, unangojea kwa kiti hii, hata kama unajua mtoto ako nyuma ya nyumba anazunguka anaogopa kuingia. Na nikikaa nisiende, na alime hivyo tu bila baraka, na hiyo mashine imkate mguu, kwa sababu visu zake nimeziona, si za mchezo? Watasema nini, hiyo sijali. Mimi nitajiambia nini, hiyo ndio najali.

Kwa hivyo nimekaa hapa nangojea nisikie injini. Nilisema, ikilia, basi, ameamua, nitabaki na maneno yangu. Nilikuita kwa sababu nilitaka kuongea nikingojea, nisisikie moyo.

Na haijalia.

Baba Kirimi, tumeandika hii yote na haijalia. Chai imepoa. Njiru anaiwasha na mvuto mmoja. Petroli iko, nilisikia ikicheza ndani akipita. Nkatha, hebu enda uchungulie kwa mgomba. Usimwite. Chungulia tu.

Amerudi. Anasema Kirimi amekaa kwa ukingo ya tuta ya kwanza, mashine iko kando yake, hajaigusa. Anasema Kirimi alimwona, ikabidi amuulize kuna nini. Akamwambia anangoja oili ishuke. Nkatha anacheka na machozi, anauliza mimi, "Mama, oili inashuka kutoka wapi?"

Na anasema amevua kofia. Ameishika mkononi.

Basi. Wewe unamjua mtoto wako na mimi namjua. Hiyo ni kuomba. Hajaomba na mdomo, lakini mimi pia ile siku sikukataa na mdomo. Nkatha, nishikie mkono, nipe ile fimbo. Maji chota kwa mtungi, si ya mfereji.

Sijashuka huko tangu ile siku nilianguka kwa kahawa. Nitashuka pole pole, tuta ni ya kwanza, si mbali. Nakuahidi hivi, na Nkatha ndiye shahidi kwa sababu ameandika. Sitamuuliza kwa nini alipita bila kusimama. Sitasema nilikuambia. Sitataja tinga nyekundu, hata akiitaja yeye. Na nikiwa hai hakuna mtu ataondoa tuta yako hata moja, na nikishakuja huko, huyu msichana anayeandika atayashika, tumeongea. Ikwa zilizokatika tumerudishia udongo, shina moja limeanza kupanda tena kwa muringa, la pili sijui.

Lala vizuri, mzee wangu. Mguu wako ule wa baridi natumaini hausumbui. Leo sitakaa na wewe hapo kwa kaburi kando ya mgomba, nina haraka, mtoto anangoja.

Ukisikia inanguruma hapo karibu na kichwa chako, usishtuke. Ujue tu nimefika.

Ni mimi,
Mama Kirimi